Wimbo Tulioacha Kuimba Wodini

Atupele mwanangu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa nusu saa iliyopita na mwavuli wangu, ukasema unakwenda Mwanjelwa kununua blanketi maana Iringa kuna upepo, kana kwamba hapa Iyunga tunaishi jotoni. Hali yangu nayo unaijua kuliko daktari. Alipokuwa akikueleza mambo ya moyo wangu kwa maneno ya kuzungukazunguka, mimi nilikuwa nimeshayaelewa kabla hajafika katikati. Nimeyasema maneno hayohayo kwa ndugu za wagonjwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Basi hali tuziache.

Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za kula kwa wakati. Una miaka thelathini, na siku hizi ni wewe unayeniambia mimi nile kwa wakati. Dawa zangu binamu yako Lusajo ameshaonyeshwa. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema juzi jikoni. Mchungaji wetu alikuja kupanga ibada ya kesho ya kukuaga, akasema wazee wa kanisa watakuwekea mikono kabla hujapanda basi kwenda kuanza kazi yako ya uchungaji kwa wagonjwa wa hospitali. Wewe ukamjibu, "Hapana, Baba Mchungaji. Nataka Mama aniwekee mkono na kuniombea. Maombi ya Mama ndiyo yaliyonilea." Mchungaji akafurahi mpaka akaomba kikombe cha pili cha chai. Mimi nikasema nakwenda kuanua nguo. Siku ile hatukuwa na nguo kambani.

Mwanangu, mimi siombi. Ni miaka ishirini na mitano sasa. Midomo imeomba, hilo kweli, tena imeomba vizuri. Chakula kimebarikiwa, wasafiri wamesindikizwa, na akina mama wa kanisani wananiita mtu wa maombi. Lakini ndani hapakuwa na mtu aliyekuwa akisema, wala sikudhani kuna anayesikiliza. Kwa wengine wote niliweza kuendelea hivyo. Kichwani kwako kesho sitaweza.

Nitakueleza ilivyokuwa, na wewe utanivumilia, kama ulivyozoea kuvumilia hadithi zangu.

Unakumbuka kidogo tulivyoishi Mufindi, kwenye zile nyumba za hospitali ya kanisa, misonobari pande zote. Wewe ulikuwa na miaka mitano, unachokumbuka ni ukungu na harufu ya mbao mbichi. Mimi nilikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake. Ilikuwa miaka ile kabla dawa za ukimwi hazijafika kwetu. Walilala wawili wawili kitandani, wengine chini kwenye mikeka, na walikuwa wasichana, Atupele. Wake wa wapasua mbao, walimu, wauza duka, wanawake wa umri wako huu. Wengine wamebaki macho na meno. Nilikuwa namgeuza mtu mzima kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika beseni.

Wimbo niliuanzisha mimi. Niliona mtu anakufa, anafunikwa shuka, anasukumwa kwenda chumba cha maiti kama gunia la viazi, na kitandani analazwa mwingine kabla godoro halijapoa. Nikasema hapana. Tangu siku hiyo mtu akifariki tulivuta pazia, tukasimama wauguzi wanne, tukaimba ubeti mmoja wa wimbo wa maziko, taratibu, kwa sauti zote nne, ndipo tukamtoa. Viongozi wa kanisa waliokuja kutembelea walitokwa na machozi. Walisema hawajaona wodi yenye imani kama ile. Nilijivuna, mwanangu. Nesi mpya akija, nilimfundisha wimbo kabla sijamwonyesha kabati la dawa.

Kitanda cha dirishani alilala mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Edina. Mwili wake ulikuwa umekwisha lakini mdomo ulibaki mzima.

"Sista," aliniambia asubuhi moja, "leo mmeimba vibaya. Sauti ya pili ilikuwa inatafuta njia ya kurudi nyumbani."

"Umekuwa mwalimu wa kwaya sasa?"

"Nasema mapema. Siku yangu nataka mfanye mazoezi kwanza. Sitaki kuaibishwa mbele ya wenyeji huko niendako."

Wodi ilicheka, wale walioweza kucheka. Lakini siku chache baadaye nilikuwa nambadilisha shuka, akanishika kifundo cha mkono.

"Nikikuambia kitu utakasirika?"

"Sema."

"Huo wimbo uacheni. Nyinyi mnamwimbia mtu mmoja, tunaousikia ni sisi wote. Mkiingia wanne, mikono mmefumbata hivyo, kila mtu humu anaacha kupumua mpaka ajue mnakwenda kitanda gani. Na yule mtoto mnamwona? Mkitafuta tu sauti ya kuanzia, anaziba masikio."

Mtoto mwenyewe alikuwa Zawadi, wa miaka minane. Tulimlaza kwetu kwa sababu wodi ya watoto ilifurika. Mama yake alikuwa amefia kwetu miezi miwili kabla, na bila shaka tulimwimbia.

Unajua nilimjibu nini Edina? Nilimwambia, "Wimbo wa Mungu haumtishi mtu aliye na amani na Mungu. Jichunguze." Hivyo ndivyo mama yako alivyosema. Mtu anakufa, ananionyesha kwa upole jeraha ninalolitia kila siku, na mimi namwambia ajichunguze. Edina alinitazama, akasema, "Haya, Mwalimu," akageukia dirishani.

Tukaendelea kuimba. Wiki ile tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Kisha ikafika zamu ya Zawadi. Ilichukua siku tatu. Mdomo na koo vilikuwa vidonda vitupu, hata maji ya kijiko alikuwa akiyakataa kwa kichwa. Dawa ya maumivu ya maana tuliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha, na gari lililokwenda kuitafuta lilirudi mikono mitupu. Nilifunga kula kwa siku hizo tatu. Niliomba kama nilivyofundishwa na mama yangu, kwa magoti, kwa machozi, kwa kumkumbusha Mungu ahadi zake moja moja. Kwanza niliomba apone. Siku ya pili niliomba maumivu tu yapungue. Siku ya tatu niliomba afe kabla ya saa sita mchana. Unaona nilivyokuwa nashusha bei, kama mtu mwenye haraka sokoni. Saa sita ilipita. Saa nane alikuwa bado anahangaika.

Akanivuta gauni. Nikainama.

"Sista, na mimi mtaniimbia?"

Nikatazama macho yake, nikaona kwamba katika yote yaliyokuwa yakimpata, jambo aliloliogopa zaidi ni letu sisi. Ni langu.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe hatutakuimbia."

"Kweli?"

"Kweli."

Akalegea. Nakuapia, mwanangu, kwa siku tatu hakuna nilichompa kikamsaidia isipokuwa neno hilo. Alifariki jioni kabla ya chai. Manesi wangu wakaja, wakasimama mahali pao, wakafumbata mikono, wakanisubiri nianze. Nikatikisa kichwa. Nikamfunga mtoto kidevu, nikamwosha uso, nikambeba mwenyewe bila kitanda cha magurudumu. Wodi ilikuwa kimya. Nilipopita dirishani, Edina akasema polepole, "Asante, Sista."

Katika kimya kile nilimgeukia yule niliyezoea kuzungumza naye tangu utoto. Sikumgeukia kwa hasira. Hasira ingekuwa kitu, maana humkasirikii asiyekuwapo. Ilikuwa kama kumwita jirani ukutani, kisha kwa namna sauti yako inavyorudi ukajua kwamba nyumba ya pili watu wamehama, tena zamani. Nilisimama mlangoni na mtoto wa mwenzangu mikononi, nikaelewa kwamba sina wa kumwambia.

Sikuandikii haya ili nikuambie kwamba nyumba ni tupu. Sijui. Nakuambia tu nilichosikia mimi.

Edina aliishi wiki kadhaa baada ya hapo, na nataka umjue, maana yeye ndiye mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwauguza. Alibaki na imani hadi mwisho, lakini haikuwa imani ya kwangu ya kufumbata mikono. Nilimsikia akiomba asubuhi: "Mungu, leo sina la kukushukuru. Usiku ulikuwa mbaya na unajua. Nimekuja tu ili usiseme sikuja." Kisha aliomba apelekewe uji mgonjwa aliyekuwa mkekani, kwa sababu yule alikuwa akiona haya kuita. Kabla Zawadi hajazidiwa, alikuwa akimfundisha kusoma. Yeye mwenyewe alikuwa hana nguvu ya kushika kalamu, akamfundisha herufi kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, wote wawili wakiwa katika hali ile. Akasema, "Sista, kwani wewe ulisoma kwa sababu hutakufa?"

Yeye alikuwa wa kwanza niliyemwambia kwamba nimeacha kuomba. Nilitazamia atanihurumia au atanihubiria. Akasema, "Basi afadhali utakuwa na nafasi. Zamani ukija kitandani ulikuwa na haraka ya kuomba uondoke. Kaa." Nikakaa. Niligundua kwamba alisema kweli. Kwa miaka mingi maombi yalikuwa mlango wangu wa kutokea. Nilikuwa nikifumba macho wakati ambapo mgonjwa alitaka kutazamwa.

Kwa hiyo kile ulichokiona kwangu ukakiita imani, kule kukaa na wagonjwa hadi mwisho bila kutazama saa, ulikiona baada ya imani kuondoka. Alinifundisha mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na uzito wa mtoto. Alipofariki hatukumwimbia. Tulimtengeneza nywele.

Wa pili niliyemwambia alikuwa baba yako. Tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani. Unamkumbuka alivyokuwa, mwinjilisti anayetembea vilima kwa miguu kwenda kuhubiria watu sita. Nilimwambia, "Mume wangu, mimi siamini tena." Akapukuchua hindi lile likaisha, akachukua jingine.

"Na ugali utapika?"

"Nitapika."

"Na mimi utaendelea kunivumilia?"

"Nitajaribu."

"Basi mimi nitaamini kwa ajili ya wawili mpaka urudi. Usipige mbio kurudi kwa sababu yangu. Ila watoto usiwaambie wangali wadogo. Wakikua utawaambia mwenyewe."

Hakunisukuma hata siku moja. Sijui wanaume wangapi wa kanisa lake wangeweza. Alikufa akiamini kwa ajili ya wawili, na mimi agizo lake sikulitimiza. Mlikua, nikanyamaza. Ndugu zako wakaoa na kuolewa, nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa na heshima yake, watu waliinuka nilipoingia.

Sasa nafika pale ninapoogopa kufika.

Ulikuwa na miaka kumi na minne baba yako alipokufa. Jumapili ya tatu baada ya maziko ulikataa kuvaa kwenda kanisani. Ulisimama mlangoni pa chumba chako na gauni la ndani, ukasema, "Mimi siendi, Mama. Niliomba Baba apone, niliomba kila siku, na hakupona. Siombi tena." Maneno hayo ningeweza kuyasema mimi. Ulikuwa umefika mahali nilipokuwa nimesimama peke yangu miaka tisa, mtoto wangu, na nilichopaswa kufanya ni kusogea ili upate nafasi ya kukaa karibu nami. Badala yake nilikushika bega, nikakupigisha magoti kwenye sakafu, nikakuamuru umwombe Mungu msamaha. Ulikataa. Nikakuweka hapo mpaka ukatubu. Ulitubu kwa sauti ndogo sana, kisha ukavaa, tukaenda, tukaimba.

Nilijiambia kwamba nakulinda, kwamba nisingependa upotelee nilikopotelea mimi. Hayo yamo. Lakini zaidi ya hayo niliogopa. Msichana wa miaka kumi na minne alikuwa amesema ukweli wangu kwa sauti, mlango ukiwa wazi, majirani wakipita. Ni hilo ninalokuomba msamaha. Kutoamini sikuombei msamaha, maana si jambo nililolichagua. Magoti yako yale niliyachagua.

Miaka mitatu hukusema lolote juu ya Mungu nyumbani. Nilifikiri nimekuvunja. Kisha ukarudi kwake, kwa njia yako, sijui ipi, hukuniambia na sikuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo usiseme maombi yangu yalikulea. Ulikitafuta ulichonacho ukiwa peke yako, na aliyekuzibia njia ni mimi.

Nataka uende Iringa ukijua pia nilichokiona. Mwaka jana, wale watoto wawili wa Mama Gwakisa walipogongwa na lori hapa barabarani wakitoka shule, nilikuwa nimekaa mkekani msibani. Watu waliingia mmoja mmoja, wakamshika mkono, wakasema tunavyosema sote: kazi ya Mungu haina makosa. Niliihesabu sentensi hiyo mpaka nikachoka. Wewe ulikuwa uani unaosha masufuria na mabinti wengine, mikono imejaa masizi, na joho lako la uchungaji uliliacha nyumbani. Mama Gwakisa akatoka, akakufuata mpaka kwenye mabeseni.

"Atu. Wewe si mchungaji siku hizi? Niambie nilimkosea nini."

"Hukumkosea kitu, Mama."

"Basi amekosea yeye?"

Mabinti wote waliacha kuosha. Mimi nilikuwa nimemfuata mpaka mlangoni, nimeshikilia fremu. Nilisema moyoni, sasa mwanangu atafumba macho na kuomba, kama mimi.

"Muulize," ukasema. "Muulize kwa sauti unayotaka. Mimi sitakukataza, na sitakujibu kwa niaba yake. Nitakaa na wewe ukimuuliza."

Ukajifuta mikono kwenye kanga, ukakaa chini kwenye matope pamoja naye. Alimuuliza, Atupele. Aliuliza hadi saa kumi na moja jioni, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, mengine hayaandikiki. Wazee wa kanisa walikunja nyuso. Hukuondoka, hukumtuliza, hukutazama saa. Nilikufundisha vitu vichache vizuri maishani, lakini hicho hukukipata kwangu, kwa sababu mimi nilikipata kwa miaka arobaini na kwa gharama ya watu, na wewe ulikuwa nacho una miaka ishirini na tisa. Nilirudi nyumbani nikiona aibu, na fahari ilinijaa mpaka nikashindwa kula.

Watu hao unaokwenda kwao watakuuliza maswali ya Mama Gwakisa. Wapo watakaoacha kuamini mikononi mwako, siku ya mwisho, wakati umeshika kikombe. Usiogope kama nilivyokuogopa wewe. Usimpigishe mtu magoti. Na ikikutokea wewe mwenyewe siku moja, na inaweza kutokea, mwambie mtu siku hiyohiyo. Usikae nayo miaka ishirini na mitano kama mimi.

Huenda usinikute ukirudi, tunajua sote wawili. Nimejiuliza kama naogopa. Siogopi sana. Nimewaona wengi wakipita mlango ule, wenye imani na wasio nayo, na jambo lililowatofautisha lilikuwa moja tu, kama palikuwa na mtu kando ya kitanda au hapakuwa. Ikitokea kwamba baba yako alikuwa sahihi, atanicheka. Nitamwachia.

Sasa kesho. Barua hii nitaiweka juu ya blanketi lako jipya, utaisoma kabla hujalala. Nitakaa benchi la pili upande wa akina mama. Ukiona huwezi kuwekewa mkono na mtu kama mimi, pita moja kwa moja kwa Mchungaji na wazee, wana maneno mazuri, na mimi nitasema amina kwa heshima yako bila kinyongo. Lakini ukija mbele yangu, ujue hutasikia ombi. Nitakuwekea mkono na kusema kile ninachokiamini kweli, nacho ni kifupi: kwamba nimekuona, na kwamba wanaokusubiri huko wamepata mtu.

Ukija, piga magoti karibu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka siku hizi, na watu wetu wakiona mkono unatetemeka juu ya kichwa watasema Roho ameshuka. Wewe utajua ni uzee. Uushike.

Mimi niliyekuzaa,
Mama